Paka Mwenye Mimba Anapokojoa kwa Shida: Mwongozo kwa Wafugaji wa Nkwenda

Paka jike mwenye mimba akianza kuchuchumaa kila baada ya dakika chache, akajikamua, kisha akainuka na kuacha tone moja la mkojo wenye damu, maswali mawili yanatangulia mengine yote. La kwanza: mkojo unatoka au hautoki? La pili: mimba ina siku ngapi? Jibu la swali la kwanza linakwambia umebakiwa na saa ngapi. Jibu la pili linakwambia ni vipimo gani na dawa gani zinamfaa, na kama kuna mawe, yatolewe sasa au yasubiri watoto wazaliwe.

Mwongozo huu ni wa mtu wa Nkwenda na vijiji vya jirani, ambaye paka wake analinda mahindi, maharage na kahawa stoo, na ambaye mtaalamu wa mifugo aliye karibu naye amezoea ng'ombe na mbuzi kuliko paka. Mawe ya kibofu kwa paka mwenye mimba si ugonjwa wa kila siku. Ila yakitokea, kosa moja la dawa linaweza kumwua mama na watoto wake pamoja, na baadhi ya dawa hizo huenda ziko kabatini kwako sasa hivi.

Mkojo unatoka au hautoki?

Mfungie paka kwenye chumba kimoja chenye utulivu. Chukua beseni pana lenye ukingo mfupi, utie majivu yaliyopoa kabisa na kuchekechwa, au mchanga mkavu, kina cha vidole vitatu. Majivu yakilowa huganda bonge, na bonge hilo ndilo kipimo chako. Paka mzima hukojoa mara 2 hadi 4 kwa siku, na kila mara huacha bonge linalojaa kiganja. Ukikuta vibonge vingi vya ukubwa wa sarafu, kibofu kimewashwa lakini njia bado iko wazi. Ukikuta mikwaruzo na nyayo tu, na majivu makavu, huenda njia imeziba.

Kisha mguse tumbo, sehemu ya nyuma, mbele kidogo ya nyonga. Kibofu kilichojaa na kuziba huhisika kama ndimu kubwa, kigumu, na paka hulalamika ukikigusa. Mimba inaweza kukuchanganya: kati ya siku ya 20 na ya 30 vifuko vya watoto navyo ni vya mviringo, lakini huwa kadhaa kwa mstari, na kibofu ni kimoja. Gusa kwa ncha za vidole bila kubinya. Kibofu kilichojaa kinaweza kupasuka, na hapo umeongeza ugonjwa mkubwa kuliko ule uliokuwa nao.

Sasa mweke kwenye moja ya makundi matatu.

Kundi la kwanza ni la paka anayejikamua bila kutoa hata tone, au aliyeanza kutapika, kulegea na kukataa chakula. Hii ni dharura ya leo, hata kama jua limeshazama. Figo haziwezi kutoa taka wakati njia imeziba. Potasiamu hupanda kwenye damu na moyo huanza kwenda polepole. Dalili za sumu huonekana ndani ya siku moja, na paka anaweza kufa ndani ya siku tatu au kabla. Jike ana bahati zaidi kidogo kuliko dume, kwa sababu mrija wake wa mkojo ni mfupi na mpana, hivyo vijiwe vidogo hutoka vyenyewe na kuziba ni nadra. Lakini nadra haina maana ya kamwe.

Kundi la pili ni la anayetoa mkojo kidogo kidogo, wenye damu, huku anakula na macho yake yamechangamka. Huyu aonwe na mtaalamu kesho au keshokutwa. Katika muda huo mpe maji na utulivu, na usimpe dawa yoyote kwa kubahatisha.

Kundi la tatu ni la anayekojoa mara nyingi bila damu, bila kujikamua, na kila mara kwa kiasi cha kawaida. Mimba ikikua, mji wa mimba hukandamiza kibofu, naye huenda haja mara nyingi zaidi. Huyu mwangalie tu, ukiendelea kuhesabu mabonge kila siku.

Nani wa kumpigia, na umwambie nini

Mtu wa kwanza ni afisa mifugo wa kata. Tangu Kyerwa igawanywe kutoka Karagwe mwaka 2012, ofisi ya mifugo inayoihusu Nkwenda ni ya Wilaya ya Kyerwa, yenye makao yake Rubwera. Afisa wa kata atakuunganisha na daktari wa mifugo wa wilaya. Kazi ya kupitisha katheta (mpira wa mkojo), kutoboa kibofu kwa sindano au kufanya upasuaji ni ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa na Baraza la Veterinari Tanzania, chombo kilichowekwa na Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003. Kama hapatikani upande wa Kyerwa, uliza Kayanga upande wa Karagwe, kisha Bukoba. Piga simu kwanza ndipo usafiri, kwa sababu si kila daktari ana vifaa vidogo vya paka.

Ujumbe wako uwe mfupi na uwe na namba. Kwa mfano:

"Dokta, habari za saa hizi. Nina paka jike wa kilo tatu na nusu, ana mimba ya siku kama 45. Tangu jana jioni anajikamua, mkojo unatoka matone yenye damu. Leo amekula kidogo, hajatapika. Sijampa dawa yoyote. Nimlete, au utakuja?"

Ukisema "paka wangu anaumwa", atakuuliza maswali kumi. Ukimwambia hayo hapo juu, ameshajua abebe nini.

Kumsafirisha, tumia kapu lenye mfuniko au boksi gumu lililotobolewa matundu ya hewa, utandike kitambaa chenye harufu ya nyumbani. Kwenye bodaboda, kapu likae katikati, abiria alishike kwa mikono miwili. Paka mwenye maumivu huuma hata anayemlisha, kwa hiyo mviringishe taulo. Akikuuma, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, uende kituo cha afya, kwa kuwa kichaa cha mbwa humpata paka pia.

Usianze na mawe

Damu kwenye mkojo haimaanishi mawe. Kwa paka wengi wenye dalili hizi, hasa walio chini ya miaka 10, kibofu huwa kimevimba bila sababu inayoonekana. Hofu na msongo huchangia: mbwa mpya nyumbani, paka wa jirani anayekuja kupigana, kuhamishwa chumba, pilikapilika za mavuno. Hali hiyo mara nyingi hupoa yenyewe ndani ya wiki moja. Maambukizi ya bakteria ni machache kwa paka mwenye umri mdogo. Mawe yako katikati: yapo ya kutosha kutafutwa, lakini si ya kudhaniwa bila kipimo.

Kwa jike mwenye mimba kuna mambo mengine manne ya kutenganisha.

Damu inayotoka ukeni. Mwangalie anapochuchumaa. Damu inayokuja pamoja na mkojo inatoka kwenye njia ya mkojo. Damu, usaha au uchafu wenye harufu unaotoka hata akiwa amelala unatoka kwenye mji wa mimba, na huenda mimba inaharibika. Pangusa kwa kitambaa cheupe kabla hajakojoa na baada ya kukojoa, ulinganishe.

Uchungu wa kuzaa. Ukifika siku ya 61 na kuendelea, kujikamua huenda ni kuzaa. Atakuwa ametafuta mahali pa kujificha, na chuchu zina maziwa. Akijikamua kwa nguvu zaidi ya nusu saa bila mtoto kutoka, hiyo nayo ni dharura.

Choo kigumu. Paka anayekula ugali na dagaa kavu bila maji ya kutosha huvimbiwa, na mkao wa kujikamua kwa ajili ya choo unafanana na wa mkojo. Angalia kama majivu yana choo cha jana.

Sumu ya panya. Hili lichukue kwa uzito katika nyumba yenye stoo ya nafaka. Baadhi ya sumu za panya huzuia damu kuganda, na paka huzipata kwa kula panya aliyekula sumu. Damu huonekana siku kadhaa baadaye, kwenye mkojo, fizi, pua, au kama madoa chini ya ngozi. Kama wewe au jirani mmeweka sumu ndani ya wiki mbili zilizopita, mwambie daktari hilo kabla ya yote, na upeleke pakiti yake. Tiba yake ni vitamini K, na haihusiani na mawe hata kidogo.

Hesabu siku za mimba

Mimba ya paka huchukua siku 63 hadi 65, kama wiki 9. Ukikumbuka usiku ambao madume walipiga kelele nyuma ya nyumba, anza kuhesabu hapo. Kama hukumbuki, mwili wake utakwambia kwa makadirio. Chuchu huwa za waridi na kuvimba kuanzia kama siku ya 15 hadi ya 20. Tumbo huonekana wazi wiki ya 5. Kuanzia wiki ya 7 unaweza kuhisi watoto wakicheza ukiweka kiganja ubavuni. Karibu na kuzaa joto la mwili hushuka chini kidogo ya nyuzi 38. Joto la kawaida la paka ni kama nyuzi 38 hadi 39.

Andika tarehe hizo kwenye daftari. Daktari atahitaji kujua kama yuko kwenye wiki za mwanzo, ambapo viungo vya watoto vinaumbwa na dawa nyingi ni hatari, au katikati, au baada ya siku ya 60, ambapo watoto wakitolewa kwa upasuaji wana nafasi ya kuishi. Watoto wanaotolewa mapema zaidi ya hapo mara nyingi hawaishi.

Vipimo, kutoka rahisi hadi vigumu

Mkojo wenyewe. Ili kuupata, toa majivu kwenye beseni, lioshe, likauke, kisha weka mirija ya kunywea soda iliyooshwa na kukatwa vipande vifupi. Paka atachimba kama kawaida, na mkojo hautafyonzwa. Uvute kwa bomba la sindano lisilo na sindano, uutie kwenye chupa safi. Uangaliwe ndani ya nusu saa hadi saa moja. Usiuweke kwenye friji: mkojo ukipoa na kukaa, fuwele (chembe za madini) hujitengeneza ndani ya chupa, na utaambiwa zipo wakati ndani ya paka hazikuwepo.

Darubini. Darubini inayotumika kutafuta vimelea vya malaria inatosha kuonyesha fuwele, bakteria na chembe za damu. Fuwele za struviti, madini ya aina moja ya mawe, ni mistatili minene yenye kingo zilizokatwa kwa mshazari. Za kalsiamu oksaleti, aina ya pili, ni miraba midogo yenye alama ya msalaba katikati. Lakini shika hili: fuwele si mawe. Paka mzima mwenye mkojo mzito anaweza kuwa na fuwele nyingi bila jiwe hata moja, na mwenye jiwe anaweza kukosa fuwele.

Vijiti vya kupimia mkojo vya binadamu. Vinasaidia kuonyesha damu, sukari na kiwango cha asidi. Sehemu ya chembe nyeupe haiaminiki kwa paka, wala sehemu ya uzito wa mkojo. Asikuambie mtu kwamba kijiti kimeonyesha maambukizi, akakuandikia antibayotiki papo hapo.

Ultrasaundi. Hiki ndicho kipimo bora kwa paka mwenye mimba. Hakina mionzi, na huonyesha kibofu, figo na watoto kwa pamoja, pamoja na mapigo ya mioyo yao. Jiwe huonekana kama mstari mweupe wenye kivuli cheusi nyuma yake. Shida ni kwamba mifupa ya watoto nayo hutoa kivuli, na watoto wamelala juu ya kibofu. Daktari amgeuze paka ubavu wa pili: jiwe lililo ndani ya kibofu litateleza kwenda upande wa chini, na kivuli kitahama nalo. Mfupa wa mtoto haufanyi hivyo. Kama daktari ana mashine ya kubebeka anayopimia mimba za ng'ombe, mwulize kama inaweza kutumika kwa mnyama mdogo.

Eksrei. Struviti na kalsiamu oksaleti zote huonekana kwenye eksrei zikiwa na ukubwa wa milimita tatu hivi na kuendelea. Katika wiki za mwanzo iepukwe, isipokuwa maisha ya mama yako hatarini. Kuanzia kama siku ya 40 hadi ya 45 mifupa ya watoto inaanza kuonekana, hivyo picha moja inaweza kuhesabu watoto na kutafuta mawe. Lakini jiwe linaweza kujificha nyuma ya uti wa mgongo wa mtoto, kwa hiyo zichukuliwe picha mbili, moja ya ubavu na moja ya mgongo.

Kwa vipimo vikubwa na upasuaji mgumu, hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo iko Morogoro, mwendo mrefu kwa paka mgonjwa. Kampala, Chuo Kikuu cha Makerere nacho hufundisha madaktari wa mifugo, na kwa mtu wa karibu na Murongo njia hiyo inaweza kuonekana fupi. Kabla ya kuvuka mpaka, ulizia ofisi ya mifugo kuhusu kibali na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa.

Matibabu kulingana na hali

Mkojo haupiti. Mimba haibadilishi uamuzi hapa: njia ifunguliwe, kwa sababu mama akifa watoto wanakufa. Daktari atampa maji ya mishipa, kisha atapitisha katheta na kulisukuma jiwe lirudi kibofuni, au atapunguza mkojo kwa sindano kupitia ukuta wa tumbo, akiongozwa na ultrasaundi asije akachoma mji wa mimba. Mwulize dawa gani ya usingizi atatumia. Zailazini, inayotumika sana kwa ng'ombe, si chaguo zuri kwa jike mwenye mimba kwa sababu huufanya mji wa mimba usinyae. Usione haya kuuliza. Daktari mzuri atakueleza.

Mkojo unapita, mawe yapo, mimba ni chini ya siku 60. Mara nyingi uamuzi wenye busara ni kusubiri. Paka apewe maji mengi, apunguziwe maumivu kwa dawa aliyochagua daktari, na kama mkojo uliooteshwa maabara umeonyesha bakteria, apewe antibayotiki salama kwa mimba, kama vile amoksisilini, kwa kipimo cha daktari. Jiwe lililotulia kibofuni linaweza kungoja wiki kadhaa. Wewe unaendelea kuhesabu mabonge ya majivu asubuhi na jioni, na siku yakipungua ghafla unapiga simu.

Mkojo unapita kwa shida, mimba imefika siku ya 60 au zaidi. Daktari anaweza kuamua kufanya mambo mawili kwa usingizi mmoja: kuwatoa watoto, kisha kufungua kibofu na kutoa mawe. Ukikubaliana naye, anaweza kumfunga uzazi hapo hapo. Paka aliyefungwa uzazi bado ananyonyesha.

Mawe madogo sana. Kwa jike asiye na mimba, daktari anaweza kukijaza kibofu maji, akamsimamisha wima akiwa usingizini na kuyasukuma nje mawe yasiyozidi milimita tano. Kwa mwenye mimba njia hii haifai, kwa kuwa inataka kukibana kibofu kwa nguvu.

Kuhusu chakula maalumu cha kuyeyusha mawe. Struviti huweza kuyeyuka kwa chakula kinachoufanya mkojo uwe na asidi na kupunguza magnesiamu na fosforasi. Kazi hiyo huchukua wiki kadhaa. Kalsiamu oksaleti haiyeyuki kwa chakula chochote, lazima itolewe. Chakula hicho hakitengenezwi kwa ajili ya paka mwenye mimba, anayenyonyesha, wala watoto, kwa sababu madini yanayopunguzwa ndiyo yanayojenga mifupa ya watoto. Weka mpango huo kwa ajili ya baada ya kuachisha.

Wala usijaribu kuutia mkojo asidi kwa ndimu au siki, au kuugeuza kwa magadi. Kuna funzo la zamani hapa. Kituo cha mawe ya mkojo cha Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, kilianza kazi mwaka 1981, na mwaka huo karibu asilimia 78 ya mawe ya paka kiliyoyachunguza yalikuwa struviti, huku kalsiamu oksaleti ikiwa kama asilimia 2. Viwanda vikabadilisha vyakula ili viongeze asidi kwenye mkojo. Kufikia katikati ya miaka ya 1990, oksaleti ilikuwa imeipita struviti, na watafiti walilihusisha badiliko hilo kwa sehemu na vyakula hivyo. Ukilikimbia jiwe moja bila kipimo, unaweza kulikaribisha la aina nyingine ambalo haliyeyuki.

Dawa za kuziacha zilipo

Parasetamoli. Ini la paka haliwezi kuivunja. Nusu kidonge cha miligramu 500 kinaweza kumwua paka mzima: fizi hugeuka rangi ya kahawia, uso huvimba, pumzi hukatika.

Daiklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Huharibu figo na tumbo, na figo za paka mwenye mawe tayari zina mzigo. Meloksikamu, ambayo madaktari huwapa paka wengine, nayo haitumiki kwa mwenye mimba au anayenyonyesha.

Oksitetrasaiklini. Ndiyo chupa ya kwanza utakayouziwa kwenye duka la dawa za mifugo. Huingia kwenye mifupa na meno ya watoto walioko tumboni.

Jentamaisini na enrofloksasini. Ya kwanza huumiza figo na masikio. Ya pili inaweza kuharibu gegedu za watoto, na kipimo kikizidi humpofusha paka.

Deksamethasoni. Inaweza kuharibu mimba, na haiyeyushi jiwe.

Ukishampa mojawapo kabla ya kusoma hapa, mwambie daktari jina, kiasi na saa. Kuficha ndiko kutakakomfanya aongeze dawa isiyopatana nayo.

Maji ndiyo dawa ya nyumbani

Mawe mengi huanzia kwenye mkojo mzito. Paka wa kilo 4 anahitaji kama mililita 200 za maji kwa siku kutoka kwenye chakula na kinywaji, yaani zaidi kidogo ya nusu ya chupa ya soda ya mililita 350. Akinyonyesha anahitaji mengi zaidi. Paka anayewinda hupata sehemu kubwa ya maji hayo kwenye mawindo, kwani karibu theluthi mbili ya mwili wa panya ni maji. Paka anayefungiwa stoo na kulishwa dagaa kavu na ugali mkavu hana chanzo hicho, na paka kwa maumbile yake si mnywaji mzuri wa maji ya bakuli.

Kwa hiyo maji yapitie kwenye chakula. Kwa siku moja, chukua gramu 50 hivi za dagaa wa Ziwa Victoria. Waoshe mara mbili kwa maji baridi kuondoa mchanga na chumvi, umwage maji hayo. Waloweke dakika 20, kisha wachemshe kwenye maji mapya, glasi moja, mpaka walainike. Ongeza kipande cha moyo au nyama ya ng'ombe kilichokatwa vidogo, ili asitegemee mifupa ya dagaa peke yake, maana ina fosforasi na magnesiamu nyingi. Usimwage supu hiyo. Taurini, ambayo paka hawezi kuishi bila hiyo na ambayo ikikosekana mimba huweza kufyonzwa au watoto kuzaliwa wadogo, huyeyuka kwenye maji ya kuchemshia. Mpe chakula kikiwa kinaelea kwenye supu yake, mara tatu au nne kwa siku.

Usitie chumvi wala kitunguu. Kitunguu huvunja chembe nyekundu za damu za paka. Maini yawe kidogo, mara moja kwa wiki, kwa sababu vitamini A ikizidi huwadhuru watoto tumboni. Maharage, ndizi na ugali vinamshibisha bila kumlisha: havina taurini. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi wazima, na kuharisha ni kupoteza maji.

Weka mabakuli mawili ya maji, mapana, mbali na chakula na mbali na beseni la majivu. Badilisha maji asubuhi na jioni. Wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, ongeza supu.

Mama mjamzito wa nyumbani asishughulikie beseni hilo. Choo cha paka kinaweza kubeba vimelea vya toksoplazima vinavyomdhuru mtoto tumboni. Amwachie mwingine kazi hiyo, na anayeifanya anawe mikono kwa sabuni.

Baada ya kuzaa

Wiki 6 hadi 8 za kunyonyesha ni muda wa kuendelea na supu na hesabu ya mabonge. Mkojo ukiziba katikati ya kipindi hicho, afanyiwe upasuaji bila kusubiri. Usipoziba, panga na daktari tarehe mara watoto watakapoachishwa: arudie ultrasaundi au eksrei ili kujua jiwe limekua, limebaki au limetoka. Hapo ndipo chakula cha kuyeyusha kinaweza kujaribiwa kama daktari anadhani ni struviti na amekipata, na upasuaji kama jiwe halipungui. Jiwe likitolewa, lihifadhiwe kavu kwenye kichupa safi bila dawa, kwa kuwa likichunguzwa maabara ndipo aina yake inajulikana kwa uhakika, na aina hiyo ndiyo itakayoamua alishwe nini asipate jingine.

Katika miadi hiyo, omba afungwe uzazi kwa usingizi ule ule. Paka jike anaweza kushika mimba nyingine hata kabla hajawaachisha watoto, na jiwe lililosubiri mimba moja litalazimika kusubiri ya pili, likikua. Mpaka siku ya upasuaji ifike, mfungie ndani usiku, na kwenye daftari lile lile la tarehe za mimba, andika tarehe ya miadi.